Mama, Kengele ya Memsabu Nimeikuta

Mama,

Nimechoka, lakini ni uchovu wa mtu mwenye furaha, kwa hiyo usinihurumie sana. Nimeolewa, Mama! Niache niandike tena nilione neno lenyewe: nimeolewa. Mume wangu anaitwa Josefu, ni afisa msaidizi wa kilimo hapa Kakamega, na akicheka mabega yake yote mawili yanacheka pamoja naye. Ungempenda. Kwanza ungejifanya humpendi, kama ilivyo desturi, kisha ungemchinjia ingokho na kumwachia firigisi yote peke yake.

Sasa tulia hapo ulipo, maana nina jambo. Nyumba tuliyopewa na serikali ni ile. Ile yenye paa jekundu nyuma ya mikaratusi, ulikofanya kazi tangu sijaota meno mpaka nikaingia sekondari. Bendera ilipobadilika, Mzungu na Memsabu wako walifunga masanduku wakaenda zao. Josefu alipopewa funguo alikuja mbio kama mtoto. "Rosa, ina vyumba vitatu! Na bafu ndani!" Sikusema kitu. Nilijua ina vyumba vitatu. Nilivijua kwa magoti yako.

Mlango wa mbele bado haujanizoea. Nikirudi sokoni miguu yangu inazunguka nyuma yenyewe, kwenye ile ngazi ya jikoni nilipokuwa nikikusubiri wakati wa likizo, nimejikunja nisionekane. Josefu ananitania: "Mwenye nyumba anaingia kama mwizi wa kuku." Nacheka. Yeye hajui bado, nilijiambia, nitamweleza nikipata nguvu. Lakini nguvu zenyewe, Mama, zinaishia sakafuni. Nasugua, naosha, nachota, na nyumba haijawa yangu.

Waliacha vitu vingi, kama watu waliodhani watarudi kesho. Koti la mvua msumarini. Kiatu kimoja cha mtoto. Makopo ya jemu yaliyooshwa na kupangwa vizuri kana kwamba yana kazi. Ukutani kuna miraba myeupe palipokuwa na picha, na kila nikipita nahisi kuna mtu ananitazama kutoka mahali ambapo hakuna mtu.

Na wageni! Kila aliyesikia tumepewa nyumba ya Mzungu amekuja kuiona, na kila aliyekuja amekula. Nimesonga obusuma mpaka mkono unauma hadi begani. Senge Roda, yule dada yake Baba asiyejua kunong'ona, aliingia ndani ya bafu na viatu vyake, akalala chali, akaita nyumba nzima: "Kumbe walikuwa wanalalanga humu kama viboko! Rosa, nifungulie maji nione utamu wake." Nilicheka hadi nikakaa chini. Halafu nilipokaa sikuweza kuinuka, na machozi yakaja, na Senge akadhani nina mimba. Sasa ukoo wote unajua nina mimba. Sina, Mama. Nilikuwa nimechoka tu, na nilikuwa nakutaka.

Jikoni, kile kibao chako cha kukalia bado kipo nyuma ya mlango. Ukutani juu yake pana alama nyeusi inayong'aa, mafuta ya kichwa na jasho la mgongo wa mtu aliyekaa hapo akisubiri kuitwa. Sijui ni mgongo wako au wa waliokuja baada yako. Nimesugua kuta zote za jikoni. Hapo sijagusa.

Kisha nikaikuta kengele.

Ilikuwa kwenye kabati la vyombo, imeviringishwa kitambaa. Ndogo, ya shaba, yenye mpini mweusi. Nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote lakini sikuwahi kuiona, kwa sababu ilikaa mezani kwao na mimi nilikaa kwenye ngazi. Josefu aliinyakua kabla sijasema neno. Akajitupa kitini, akakunja nne, akailiza. "Memsabu wangu! Chai, tafadhali, na busu moja!" Nikampa vyote viwili. Ndiyo, Mama, nakuandikia wewe mambo haya, utanisamehe. Nampenda mno. Lakini sauti ile ilinipita mwilini kama maji baridi.

Maana nilikumbuka kijiko. Unakumbuka nyumbani Matungu, kila kijiko kilipogonga kikombe ulikuwa unanyanyuka nusu kutoka kwenye kigoda? Baba alikuwa anakutania: "Kaa, mama Rosa, ni sukari tu inakorogwa." Tulicheka wote, na wewe ulicheka. Hata ulipoletwa nyumbani na kile kifua, huwezi kugeuka bila kushikwa, Baba alipokuwa anakukorogea uji kijiko kiligonga bakuli. Ukajiinua kwa kiwiko. Ukasema, "Naja, Memsabu."

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwako. Si jina langu. Si la Baba. Sikulaumu. Kengele hiyo ndiyo iliyonisomesha. Kila niliposoma usiku bwenini ulikuwa umeitikia mahali. Ila neno hilo nimelibeba tangu siku tuliyokuzika, na ni zito kuliko mtungi.

Jumapili, baada ya kanisa, wenzake Josefu wa ofisini walikuja kula. Walikaa sebuleni wakizungumza mambo ya mbegu na mashamba, nami nilikuwa jikoni na moshi. Kengele ikalia. Safari hii hapakuwa na utani ndani yake. Alikuwa anataka chai, basi. Na Mama, miguu yangu iliinuka kabla yangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kibao chako, mgongo kwenye ile alama, na mdomo wangu ukasema, "Naja."

Nilipeleka chai. Mmoja wao akasema, "Bwana, umemfunza vizuri." Josefu akacheka, akanitazama, akaacha kucheka. Sijui aliona nini usoni mwangu.

Wageni walipoondoka nilimweleza yote: ngazi, kijiko, uji, neno lako. Akaketi, kikombe kitupu mkononi. Akauliza, "Kwa nini ulinyamaza nilipoleta funguo?" Nikamwambia, "Ulikuwa na furaha, nami naipenda furaha yako." Akasema, "Rosa, mimi niite mjinga, lakini usininyamazie." Kisha akaenda akaosha vyombo vyote, vibaya sana, akavunja sahani moja ya Memsabu. Hakuna aliyelia.

Jumamosi iliyofuata alipotea asubuhi. Alirudi na vumbi hadi nyusi, amemtoa mtamba mwekundu mnadani Lubao. Unajua walipokaa kuzungumza mahari, wazee walisema ng'ombe wa mama asitajwe, kwa kuwa hayupo wa kumpokea. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikasikia, nikaona umekufa mara ya pili. Josefu naye, kumbe, hakusahau.

Binamu yake alimswaga kwa miguu, sisi tukapanda basi, tukakutana naye Mayoni, tukaingia nyumbani pamoja. Baba alitoka, akamtazama ng'ombe, akasema, "Hili deni hatukudai. Mwenyewe hayupo." Josefu akavua kofia, akaelekeza mkono kwenye kaburi lako kando ya migomba. "Mwenyewe yuko pale, Baba. Mimi nimechelewa tu." Baba aligeuka akajifanya anatafuta kamba.

Kengele ya Memsabu nilikuwa nimeibeba; tuliing'oa mpini, tukapitisha katani, Josefu akamfunga mtamba shingoni. Mtamba akatikisa kichwa, akailiza, akaanza kula nyasi. Senge Roda akapaza sauti: "Anamwita nani huyo? Na awasubiri wazungu wake!" Watu wakacheka. Hakuna aliyeinuka. Nilitazama mmoja mmoja, Mama. Hakuna aliyeinuka.

Leo nimerudi Kakamega, mikono inanuka sabuni, na kesho nitaanza na madirisha. Ile alama ya jikoni itabaki, Josefu amekubali. Nakuahidi jambo moja: katika nyumba hii, anayemtaka mwenzake atainuka amfuate alipo, au atamwita kwa jina lake. Na watoto wetu, wakija, wataingia kwa mlango wautakao.

Nakuacha sasa, Mama yangu. Baba amenituma nikwambie kwamba mtamba wako anapenda kula nyasi karibu na migomba, hapo hapo juu yako, asubuhi na jioni. Kwa hiyo utaisikia kengele. Ikilia, usiinuke. Ni ng'ombe wako tu, anafukuza nzi.

Lala.

Rosa wako