Anayeacha Mpunga Unyeshewe

Kimanga, Uvira, mwezi wa tatu 1965

Yaya Térence, kaka yangu,

Mama amepona kikohozi, na mbuzi wako amezaa mapacha. Sisi wanawake sita tumefungua tena depo yetu ya mpunga. Mpunga unafika mubichi kutoka Bwegera, na kila mmoja anauanika kwenye mkeka wake. Tulipatana neno moja: anayeacha mpunga unyeshewe anasimama mbele ya wenzake, anasema kosa lake mwenyewe, kisha anageuza mpunga wa mikeka yote siku tatu.

Wiki iliyopita waliniletea koti la mume wangu Sévère, bila Sévère. Nilikaa nalo magotini. Mvua ikaja, mpunga wangu ukalowa, na nilikuwa nauona.

Kesho yake nilisimama nikasema. Generose, mkubwa wetu kwa umri, akanikatiza: "Weye iko na kilio, Pudentienne. Keti."

Nikamjibu, "Minye ndiye nilileta hiyo sheria. Nikiketi leo, kesho nani atasimama?"

Nikageuza mikeka siku tatu. Tangu hapo hakuna mpunga uliolowa.

Sasa ni zamu yako. Siku waasi walipoingia, wewe uliyekuwa mlinzi wa depo ulivuka kwenda Bujumbura na ufunguo wake mfukoni, na magunia ya watu yakaoza ndani. Kufuli tulishalivunja, ufunguo hatuuhitaji tena. Rudi wewe. Utasimama pale niliposimama, utasema, utageuza mikeka yetu sita.

Wa saba ni wako. Nimeshausuka.

Dada yako,
Pudentienne