Pale Besi ya Babu Yako Inapokwenda Kombo

Magesa, mume wangu mdogo,

Huku Butiama tupo. Ng'ombe wamekonda, na mimi nimewashinda. Nasema, shangazi yako anaandika.

Unataka kuisafisha ile kanda kwa kompyuta, kwa sababu mahali pamoja besi ya babu yako inakwenda kombo. Ngoja kwanza. Miaka ile maduka ya Musoma yalikuwa matupu. Vile vyuma vyembamba vya shingo ya gitaa lake la besi, vya kuonyesha kidole pa kukaa, vilipolika, alikosa vingine, akaving'oa vyote kwa plaizi. Wenzake wa bendi wakamcheka: "Sasa kidole utakiweka wapi, wewe?"

"Kwani litungu la baba, kinanda chetu cha nyuzi, lina vyuma? Nitatafuta kwa sikio."

Na alikuwaga hakosei, nakwambia.

Kanda hiyo ilirekodiwa tukimzika Wambura, mtoto wetu wa kwanza. Babu yako alisema atampigia mwenyewe mpaka kaburi lijae. Pale inapokwenda kombo, ndipo udongo wa kwanza ulipoanguka juu ya jeneza. Sikio lilijua pa kwenda, mkono ukakataa.

Hakulia siku ile, wala baadaye, mpaka anakufa. Kilio chake chote kiko hapo. Ukikifuta, sina kingine.

Kula ushibe, mwanangu.

Bibi yako