Fromaji (Jibini) Mahali pa Miguu Yako

Mama yangu mupenzi,

Goma imeamka na mvua. Niko Kituku kando ya ziwa, nakula sambaza, visamaki vya ziwa, za moto na kuwaza kile kiapo chako, kwamba hutaketi tena ndani ya gari ya marehemu Papa kwa sababu injini yake inakuunguza miguu.

Jana asubuhi niliipeleka hiyo gari Ndosho kwa fundi mumoja, muzee Anselme. Aliinua ile ngozi ya ngombe tuliyotandika chini ili kukukinga, akacheka mpaka akaegemea mulango.

"Mutu anafunika chungu ili kisipoe," akasema. "Nyinyi mulifunika miguu ya mama yenu."

Kumbe bati linalotenga injini na miguu lina matundu ya zamani. Joto la injini lilipita hapo, likakaa chini ya ngozi. Aliyaziba kwa mpira, akazungushia bomba la moshi kitambaa kisichoungua.

Sikumwamini hata kidogo. Zile fromaji mbili za maziwa ya ngombe zako ulizonifungia, moja iliyeyukia ndani ya gari wakati wa kuja huku Goma. Basi nikaweka ya pili mahali pa miguu yako, nikazunguka muji na jua lote la jana mpaka jioni. Ilirudi ngumu, Mama. Tuliikata kwa kisu.

Dada anabatizisha mutoto wake Jumapili hapa Goma, na kila siku anauliza kama utakuja. Salimia ngombe na majirani, Mungu awatunze. Ijumaa nakuja kukuchukua. Vaa viatu unavyopenda.

Mutoto wako,
Innocent