Mume Wangu Ananisikiliza kwa Sababu ya Kipa

Bi Rafika mpendwa, nakusoma kila Jumanne pamoja na wateja wangu na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja mwandishi wa barua nitakuwa mimi, lakini yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, kwa sababu katika mji huu ukimwambia mtu kitu leo, kesho unakisikia kwenye foleni ya mkate, na safari hii anayevitoa hivyo vitu ni mimi mwenyewe.

Mimi ni msusi, nina saluni ndogo karibu na bandari ya zamani hapa Bizerte, na mume wangu Nejib ni fundi wa mafriji, mtu mwema, hanywi, hapigi, ila kwa miaka mingi hakuwa na neno la kuniambia zaidi ya "chumvi iko wapi" na "zima taa". Akitoka kazini alikuwa anapita mkahawani kwa wenzake, wanaizungumza Murjan, timu yetu, mpaka sauti zinawakauka, halafu anarudi nyumbani maneno yote ya siku yamekwisha, anakula, anaangalia marudio ya mechi ambayo matokeo yake anayajua, analala. Sikuwa nalalamika. Wanawake wanaokaa kwenye kiti changu wana makubwa kuliko hayo.

Sasa kuna Bi Mongia, mama yake Shihab, kipa wetu, mteja wangu tangu huyo mwanawe anadaka mipira ya plastiki uchochoroni. Siku moja amekaa na rangi kichwani akisubiri ishike, anaongea na simu, nikamsikia anasema, "Mwanangu kachoka na hawa watu, Ghuba wanamwita, nami nimemwambia aende, hapa watamlipa makofi mpaka lini." Jioni nikamsimulia Nejib huku nakatakata pilipili, wala sikuwa na nia yoyote, nilitaka tu pawe na sauti ndani ya nyumba. Akaweka mkate chini.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Alisema wanamwita, au wamemwita?"

Bi Rafika, tangu enzi za uchumba mtu huyu hakuwahi kujali kama nimesema "wana" au "wame". Akavaa viatu akaenda mkahawani, akaandika pia kwenye kundi la mashabiki kwenye simu, na kesho yake watu wamejaa mbele ya ofisi ya klabu, rais wa klabu katoka jasho linamtiririka, na kabla wiki haijaisha Shihab akapewa mkataba mpya, na picha akapigwa. Mtu angeweza kusema habari ilikuwa ya uongo, maana kipa hakwenda popote, lakini kule mkahawani walihesabu kwamba Nejib ndiye aliyemwokoa, na Mokdad, ambaye miaka yote alikuwa mwenye habari kwa kuwa shemeji yake anakata nyasi za uwanja, ikabidi asogeze kiti.

Tangu hapo nina mume mpya. Anarudi jua bado liko juu, anamenya vitunguu saumu, anapika chai ya nanaa mwenyewe na kutia lozi, anakaa jikoni na kusema, "Haya Henda, leo nani alikuja?" Na anasikiliza. Sasa anawajua wateja wangu wote kwa majina, anajua miguu yangu inavimba ikifika alasiri, kwa sababu hawezi kumfikia Bi Mongia bila kupitia miguu yangu.

Bi Mongia naye, aliyekuwa anakuja mara moja kwa mwezi, akaanza kuja kila Alhamisi, hata nywele zikiwa hazina tatizo, na kila nikisimama nyuma yake anatoa simu. Siku moja yuko katikati ya kusema, "Huyo kocha hampendi mwanangu, lakini siku zake zinahesabika," na simu ikalia. Ililia ikiwa sikioni mwake, Bi Rafika, kengele pamoja na mtetemo. Akaniangalia kwenye kioo, mimi nikaangalia kitana.

"Laini zimeingiliana," akasema.

"Hutokea," nikasema.

Na jioni ile nikamwambia Nejib kwamba siku za kocha zinahesabika, kwa sababu alikwisha kuteleka maji ya chai. Akaandika kwenye kundi, mashabiki wakaja uwanjani na mabango, na kocha akafukuzwa. Kwa hiyo habari ikawa ya kweli tena, na mimi hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa, maana niliisikia simu ikilia na bado kocha kaondoka.

Sasa Shihab kavunjika kidole gumba, na kijana anayeitwa Anis amekaa golini badala yake na hajafungwa hata moja, watu wameanza kumwimba. Alhamisi iliyopita Bi Mongia akaitoa simu yake na kusema, "Huyo Anis kaonekana anakula samaki na watu wa kusini, na Jumapili ya wiki ijayo tunacheza na nani kama si hao?" Kisha akanitazama kwenye kioo kuona kama nimeshika. Bi Rafika, mke wa Anis ni Dorsaf, nilimpamba mimi siku ya harusi yake, sasa ana mimba kubwa na wanakaa chumba cha chini, dirisha linatazama njia wanayopita mashabiki wakitoka uwanjani.

Sikumwambia Nejib. Lakini pia sikunyamaza. Aliponiuliza nilisema, "Kuna jambo, ila ni zito, ngoja nihakikishe." Sijui kwa nini nilisema hivyo, nadhani nilipenda ladha yake. Tangu siku hiyo amenitembeza ufukweni, amenishikia mkoba mbele ya watu, amenilisha aiskrimu, na mkahawani ametangaza kwamba Jumamosi atatoa jambo la kuutikisa mji, na Mokdad kamjibu, "Lilete tulione." Nikisema, najua wataenda kwenye dirisha lile. Nisiposema, mume wangu anaaibika na mimi narudi kwenye chumvi na taa. Na tena nani ajuaye, labda ni kweli, kocha si aliondoka? Mtu lazima afikirie na masilahi ya timu. Niambie niamini au nisiamini, niseme au nisiseme, na tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi.

Msusi wa Bizerte

BI RAFIKA ANAJIBU

Dada msusi, majina yote nimeyabadilisha, hata la timu, na ninyi wasomaji msianze kukisia, nawajua. Gazeti linatoka Jumanne na wewe ulitaka jibu kabla ya Jumamosi, ndiyo maana nilikupigia Ijumaa. Niliyokuambia nayaandika hapa kwa ajili ya wengine, maana saluni ni nyingi.

Umeniuliza uamini au usiamini. Usinichezee. Simu imelia sikioni mwa mtu anayezungumza nayo, unataka ushahidi gani zaidi, alete daktari? Kocha hakuondoka kwa sababu Bi Mongia alijua. Aliondoka kwa sababu wewe ulisema, mumeo akaandika, na watu wakashona mabango. Bi Mongia alitaka mkataba, mkamtafutia. Alitaka kocha atoke, mkamtoa. Sasa anataka kijana aliyekaa mahali pa mwanawe naye atoke, na wewe unauliza masilahi ya timu. Kama mama simshangai. Wewe ndiye ninayekushangaa, uliyempamba Dorsaf kwa mikono yako kisha ukaenda kula aiskrimu kwa jina la mumewe.

Hata hivyo, pole. Nasema pole ya kweli. Kuishi na mtu anayeweka maneno yake yote kwa ajili ya mkahawa ni upweke, na simcheki mwanamke anayeshika chochote kinachomfanya mumewe ageuze shingo. Lakini jua unachokishika.

Nilikuambia: jioni hii, kabla hajateleka maji, mwambie yote, anza na simu. Ukanijibu, "Atarudi kwenye marudio ya mechi." Nikakuambia, "Basi na arudi."

Ulinipigia tena jana jioni, Jumatatu, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji. Ulimwambia. Nejib alisimama na birika mkononi.

"Ililia sikioni?"

"Sikioni."

"Na yeye akasema nini?"

"Laini zimeingiliana."

Akacheka mpaka akashika meza. Kisha kicheko kikakatika, akakaa, akasema, "Yule kocha alikuwa na watoto shuleni hapa." Mimi nampa heshima kwa sentensi hiyo moja kuliko kwa habari zote alizowahi kupeleka mkahawani. Jumamosi akaenda, akawaambia wenzake, "Nilichowaahidi sina. Niliwaahidi kabla sijakijua." Mokdad akasema, "Nilijua, habari zenyewe zinatoka kwenye rangi ya nywele," na akakirudisha kiti chake pale kilipokuwa. Nejib akanywa kahawa yake yote, hakukimbia.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu, lakini Jumapili Anis akafungwa mawili, la pili likapita katikati ya miguu. Mumeo aliporudi alisimama mlangoni, hajavua hata koti, akakuuliza kwa sauti ya chini, "Henda, una hakika huyo samaki hakuliwa?" Na wewe, umekiri mwenyewe, ukasita kabla ya kujibu.

Kwa hiyo nisikilizeni wote wawili. Kipa aliyefungwa mawili ni kipa aliyefungwa mawili. Ana umri mdogo, mkewe anakaribia kujifungua, na pengine hakulala. Mkianza kutafuta samaki ndani ya kila goli hamtaangalia mpira tena. Mashabiki walipita mbele ya dirisha la Dorsaf jioni ile wakiguna na kutukana kama kawaida yao, wakaenda zao, kwa sababu hawakuwa na kitu mkononi zaidi ya magoli mawili. Keti na mumeo mfikirie wangekuwa na kile ulichokuwa nacho wewe, na yeye angekuwa amewapa.

Sasa la nyumbani. Unasema jana alikuja jikoni, akauliza nani alikuja leo, ukamjibu, "Hakuna aliyesema kitu," naye akabaki amesimama na kitunguu saumu mkononi, hajui akiweke wapi. Mwambie akimenye. Mwambie na nani alikuja, hata kama hakuna anayemjua mchezaji yeyote. Mwambie juu ya bibi harusi aliyelia, mwambie juu ya miguu yako. Akichoka na kwenda kwenye televisheni, mfuate, kaa kando yake, muulize kwa nini anaangalia mechi ambayo matokeo yake anayajua. Hujawahi kumuuliza. Nawe pia ulikuwa unangoja uulizwe tu.

Habari nyingine zitakuja, si kwa Bi Mongia tu. Zikija, jiulize nani anafaidika wewe ukizipeleka, na nani dirisha lake liko njiani. Ukishindwa kujibu moja kati ya hayo, ziache zife mdomoni mwako.

Alhamisi Bi Mongia atakuja kama kawaida. Usimfukuze, usimkaripie, usimwambie kwamba unajua, anajua kwamba unajua. Mpake rangi vizuri, mwulize hali ya kidole cha mwanawe. Akitoa simu, washa mashine ya kukaushia nywele, ile kubwa, na usiizime mpaka airudishe mkobani.