Siku Mbili kwa Miguu Tororo

Busia, 24 Juni 2024

Papa mpendwa,

Yoga noi, salamu nyingi. Mimi mzima, ila miguu inawaka moto kwa kusimama kliniki kutwa. Goti lako linasemaje? Na masikio? Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuambia nimepandishwa cheo, ukaniuliza nani amepanda mti. Basi barua hii Okwi wa bodaboda atakupa mkononi.

Papa, Jumamosi tarehe 13 Julai nakuja Tororo na Mujib. Usikunje uso, soma kwanza. Simleti nyumbani, maana ulisema hatakanyaga uani kwako. Tutatembea mjini tu, siku mbili, kwa miguu, kama watalii wasio na hela. Yeye kila wiki anapita Tororo na lori la vitunguu na hajawahi kushuka akaangalia kitu. Anataka kuuona mji niliosomea. Tutabeba mihogo na karanga zetu. Yeye atalala kwa binamu yake karibu na msikiti, mimi kwa shangazi Amuge.

Ningefurahi kama wewe ndiwe ungetuongoza. Ulipokuwa kijana uliuzunguka mji ule wote na baiskeli ya maziwa. Nani anaujua kukushinda?

Ni mimi binti yako,
Atai


Molo, 1 Julai 2024

Mwanangu Atai,

Barua nimepata. Sisi wazima, mvua ipo, mtama unapendeza.

Habari ya huyo Mujib nilishasema. Sina ugomvi na Waislamu, nimefanya biashara nao tangu sijaota ndevu. Lakini binti yangu akiolewa huko, kesho ataitwa jina lingine, na siku akiugua mimi nitasimama nje ya lango nikiuliza habari zake kama mpita njia. Siji.

Ila kama mtakwenda, msianzie sokoni kama wajinga. Anzieni stesheni ya reli, kwa sababu mji ulianzia hapo. Halafu mtaa wa maduka ya zamani, mtazame juu, waliojenga waliandika majina yao na miaka kwenye saruji. Jiwe, ule mwamba mkubwa wa mji, mliache mpaka siku ya pili, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Na mvae viatu vya maana.

Siji.

Papa yako,
Obore


Busia, 11 Julai 2024

Papa,

Shikamoo. Naandika mbiombio, Okwi amewasha pikipiki. Cate, mwenzangu wa kliniki, amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, wazima wote wawili, lakini zamu zake zimeniangukia na siwezi kutoka.

Mujib ameshampa mwenzake lori na anakuja peke yake. Jumamosi asubuhi atakuwa stesheni, kavaa shati la kijani. Kama humtaki, papa, nenda ukamwambie mwenyewe usoni. Mimi nimechoka kubeba maneno ya pande mbili.

Binti yako,
Atai


Molo, 15 Julai 2024

Mwanangu Atai,

Salamu nyingi. Mpe Cate hongera. Huku ng'ombe mweupe amezaa pia. Goti langu limevimba, sababu utaisoma humu.

Jumamosi nilikwenda mjini kununua misumari. Njia ya dukani inapita stesheni. Najua haipiti. Niliipitisha.

Kijana alikuwa amesimama pale na mfuko wa mihogo. Aliinama akanisalimia, akasema kitu nisichosikia. Nikamwambia, "Sema kwa nguvu!" Akapaza sauti mpaka wauza ndizi wakageuka. Mama mmoja akaacha ndizi zake akaja, akadhani natukanwa. "Mzee, huyu ni nani kwako?" Nikautazama mfuko wake wa mihogo. Mwisho nikasema, "Ni mgeni wangu." Sasa ukishatamka hivyo mbele ya watu, utamwachaje barabarani?

Tukaanza. Nilimwonyesha reli zilizoota majani, tukaingia mtaa wa maduka. Anasoma kila jina juu ya ukuta kwa sauti kubwa, kama mtoto wa darasa la kwanza. Tukafika nyumba moja yenye mlango wa buluu. Nikasimama. Sijui kama nilishakusimulia. Hapo nilikuwa naleta maziwa kila asubuhi, mwaka ule Wahindi walipofukuzwa. Siku moja nikagonga, kimya. Nikagonga tena. Jirani akaniambia wameondoka jana. Watu waliokuwa wakiniita kwa jina! Mujib akaniuliza sikioni, "Na maziwa ulifanya nini, mzee?" Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia nilikaa barazani hapo hapo, nikayanywa yote, nikalia, tumbo likaniuma siku nzima. Hakucheka. Kisha mimi nikacheka, ndipo naye akacheka.

Adhuhuri akaingia msikitini kusali. Viatu vyake vilikuwa vipya, nami naujua mji huu. Nikakaa nje nikavilinda. Akapita Oketcho, yule wa kwaya yetu, akanitazama sana. Nikamwambia aendelee na safari yake.

Jumapili baada ya kanisa tukapanda Jiwe. Alinipa mkono pale pagumu, nikaukataa. Tulipofika kwenye ngazi za chuma akasimama, jasho linamtoka. "Mzee, mimi naogopa juu. Siwezi, nisikudanganye." Nilimcheka, mwanangu. Nikasema moyoni, huyu ndiye mwanaume? Nikapanda peke yangu.

Kule juu upepo mtamu, mji wote uko chini, na ng'ambo Kenya inaonekana. Nikatafuta upande wa Busia, nikakuwaza. Basi nikageuka nishuke. Miguu ikakataa. Nilitazama chini nikaona ngazi kama inaning'inia hewani. Nikakaa nikakumbatia mwamba, mimi Obore, na suti yangu ya kanisani. Nadhani alikuwa ananiita, lakini masikio haya yangesikia nini kwenye upepo ule?

Baada ya muda nikaona kichwa chake kinachomoza. Amefumba macho, midomo inasali. Akanifikia akanisogezea mdomo sikioni: "Nitakuwa chini yako. Nitakushika kisigino. Nikikugonga, shusha mguu." Na ndivyo tulivyoshuka. Akigonga, nashusha. Akishika, nangoja. Sikuhitaji kusikia neno. Tulipofika chini alitetemeka kuliko mimi, ikabidi nimpe maji.

Tukala mihogo. Nikamuuliza kama atakubadilisha jina. Akasema, "Jina lake ulimpa wewe, mzee. Mimi nani nilifute?" Nikamuuliza watoto watasali wapi. Nilijua hapo atanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema, "Hapo tumegombana mara mbili na hatujamaliza." Nikamsogezea muhogo mwingine. Misumari sikununua.

Usiniulize kitu kwa sasa. Goti linauma.

Papa yako,
Obore


Busia, 18 Julai 2024

Papa wangu,

Umeamkaje? Naweka dawa ya kuchua, paka asubuhi na jioni, na usiende shamba mpaka uvimbe upungue. Hilo nasema kama nesi, siyo kama mtoto.

Barua yako nimeisoma mara sijui ngapi, kliniki nzima wanauliza kwa nini nacheka peke yangu. Sasa sikiliza. Mujib aliporudi nilimuuliza, "Ilikuwaje na papa?" Akaniambia, "Baba yako anatembea haraka, na anajua hadithi." Basi. Ya ngazi hakugusa. Mpaka leo hajui kwamba umeniambia, nami nimemwacha hivyo hivyo.

Ni kweli tumegombana juu ya watoto. Tutagombana tena. Lakini yeye akikasirika hainui mkono wala haondoki. Anaosha vyombo kwa kelele.

Umesema nisiulize, na mimi nauliza. Wazazi wake, Mzee Faruku na Mama Aidah, wanataka kuja kwako kujitambulisha. Niwajibu nini?

Binti yako anayengoja,
Atai


Molo, 2 Agosti 2024

Mwanangu Atai,

Natumaini mko wazima wote, pamoja na mtoto wa Cate. Dawa imesaidia. Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilitaka kwanza kusema na watu wa nyumbani. Mjomba wako Engole amenuna. Anasema nitachekwa kanisani. Nimemwacha anune, yeye ana mabinti zake.

Wageni waje Jumamosi tarehe 17. Nimeazima viti kwa jirani Okware na nimepiga chokaa ukuta wa mbele. Waambie wapaze sauti wakisema nami, wasione haya.

Nimetenga majogoo wawili wakubwa, wamefungwa nyuma ya jiko. Shangazi yako Amuge alitaka kuwachinja alfajiri ili kazi iishe mapema, nikamzuia. Mwambie Mujib awatangulie wazazi wake, aingie uani na kisu chake, awachinje yeye mwenyewe kama dini yao inavyotaka. Sitaki mtu yeyote mezani kwangu aogope kula.

Papa yenu,
Obore