Dada Kuonyesha Mikono

Wee, unanijua. Tapeli hanipiti, namnusa hata akiwa ng'ambo. Sasa kaa chini kwanza.

Leo dada kapigiwa video na yule mama wakala anayemshughulikia viza ya kwenda kuchomelea vyuma nje. Usaili wa mwisho. Mimi nimejibanza nyuma ya pazia, nalinda familia 😤

Mama haulizi cheti wala shule. Anasema, "Binti, nionyeshe mikono."

MIKONO! Dada naye kainyoosha kama anavishwa pete. "Geuza. Sogeza karibu." Ndugu yangu, nani anaajiri viganja? Nikajua dada yangu anauzwa.

Nikatoka na pazia begani: "Wewe mama, hiyo kazi ipo kweli au umetuona wajinga?"

Dada akanikata jicho. Mama hata hakushtuka. "Natafuta makovu ya cheche, mwanangu. Cheti hata jirani yangu ananunua. Huyu ni fundi kweli."

Yaani nililowa kwa aibu! Nikaanza, "Samahani mama, unajua siku hizi..."

"Hebu ngoja. Sauti hii naijua. Si ndiyo ya bosi wa karakana anakofanya kazi binti, niliyeongea naye kwa simu juzi, aliyemsifia binti mpaka sikio likauma?"

Ndiyo hiyo hiyo 😭 Bosi wa kweli aligoma kumsemea, hataki kumpoteza. Nikajaza namba yangu kwenye fomu ya dada, mama alipopiga nikapokea mimi, nikaikaza sauti. Dada alidhani bosi kalainika!

Nimejifungia bafuni. Mama bado yuko hewani, hajasema kama viza inaendelea. Dada anagonga mlango:

"Toka, bosi. Unaitwa."