Gari Iliyobaki Awasse

Mocímboa da Praia, 4 Februari 2025

Mpwa wangu Tuaibo,

Salaam aleikum. Nakuombea afya, mimi nimebakiwa na pumzi tu. Kuna jambo nimekuficha miaka mitano, nalo linahusu gari yetu tuliyoiacha Awasse siku tuliyokimbia mji ulipovamiwa. Nitalisema. Kwanza unijibu hili: umeandika kwa furaha kwamba kiwanda kimeacha kuunda injini ya aina ile ya gari yetu. Kwa nini waiache? Fundi yeyote wa huku aliifungua kwa spana nne. Kitu kizima kinatupwaje? Jambo hilo linanikera.

Mjomba wako,
Mussagy

Nampula, 20 Februari 2025

Mjomba,

Aleikum salaam. Mimi mzima, ila nimechoka kueleza jambo moja kila barua. Hawakuiacha kwa ubovu. Nchi wanakouza magari mengi zimebana sheria za moshi, na injini ile ilichoma mafuta ovyo. Kuirekebisha ni ghali kuliko kuunda mpya inayokula kidogo, nyingine zikisaidiwa na mota ya umeme. Tena mpya ina kompyuta. Ikizimika, hapa oficina, gereji ninapofanya kazi, nachomeka waya nayo inaniambia sababu. Ile yetu ilizimika bila sababu, mama yangu akabaki. Usinitake niililie. Sema hilo jambo.

Mpwa wako,
Tuaibo

Nampula, 2 Mei 2025

Shikamoo mjomba,

Miezi miwili hujajibu. Jirani yako Belmira anasema huli, na akitaja jina langu unageukia ukutani. Kama nimekukosea kwa maneno ya injini, niwie radhi.

Mpwa wako,
Tuaibo

Mocímboa da Praia, 11 Mei 2025

Tuaibo,

Salaam. Afya usiulize. Hukunikosea. Miaka yote hii umeilaani injini ile, hata ukaingia ufundi wa magari kwa ajili yake, nami mwalimu mzima nikanyamaza.

Pale njia panda ya Awasse ulinishika mkono ukasema, "Mjomba, geuza, mama yuko shambani." Nyuma yetu mji ulikuwa unaungua. Sumaia, mama yako, ni dada yangu wa tumbo moja. Kurudi niliogopa, kukukatalia kwa mdomo sikuweza, nikaiachia gari ikukatalie. Ulishuka ukasukuma hadi viganja vikachubuka, nami nimekaa kwenye usukani, nazungusha ufunguo nusu tu, natikisa kichwa. Kisha nikakuvuta tukaingia porini kwa miguu.

Injini ilikuwa nzima. Niliizima mimi.

Mjomba wako,
Mussagy